Godoro Ndani ya Kiti cha Gari

Gari langu la kwanza nililitoa katika banda la kuku, wala sitanii. Mzungu niliyekuwa nikimwendeshea trekta kule Lugari alikuwa ameliegesha humo akalisahau, na kuku wake wakaona kiti cha nyuma kinafaa kutagia kuliko vikapu walivyotengenezewa. Uhuru ulipokuja akafunga mizigo yake akaenda, shamba likakatwakatwa, nami nikawa miongoni mwa waliopewa vipande vya kulima mahindi karibu na Lumakanda. Gari aliniachia. "Lichukue," alisema. "Injini nzima. Ila ndani limekufa."

Wajukuu wangu hupenda kunichokoza niwasimulie habari za gari hilo, maana wamesikia kwamba kiti chake kiliwahi kuota mahindi. Kweli kiliota, na nitafika hapo. Wasichokijua ni kwamba gari hilo hilo ndilo lililompotezea mama mkwe wangu macho yake. Nasema gari, lakini gari ni bati na mpira tu. Mimi ndiye niliyempotezea, na sasa nimezeeka vya kutosha kulisema.

"Ndani limekufa" lilikuwa neno la heshima. Panya walikuwa wamekula manyoya ya farasi yaliyojazwa vitini wakabakisha springi, na springi zenyewe zilikuwa zimetoboa ngozi zikasimama wima zikimngoja mtu akae. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeshuka hata dereva akiketi kinamfunika kichwa. Milango kwa ndani ilikuwa imevimba kwa mvua, usukani ulikuwa na nyufa, na chini ya miguu ya abiria palikuwa na tundu ambalo kupitia kwalo ungeweza kuwaona kuku wakipita. Nililipeleka hivyo hivyo mpaka kwa fundi wa viti mjini Kakamega. Akafungua mlango, akachungulia, akaufunga taratibu kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mboga imechacha, kisha akaniuliza kama sina baiskeli.

Hasira zikanipanda. Mimi nilikuwa mtu wa hasira za mabua ya mahindi: zikiwaka zinawaka kweli, halafu unabaki na majivu. Nikaapa palepale kwamba ndani ya gari lile hautaingia mkono wa fundi yeyote isipokuwa wangu, na kwamba sitanunua kitu ninachoweza kukiokota.

Na nilivyoapa ndivyo nilivyofanya. Tundu la sakafu nililiziba kwa debe nililolipasua na kulinyoosha kwa nyundo, pembeni nikapaka lami waliyoidondosha watu wa barabara. Milango niliivisha mbao nyembamba za sanduku la majani ya chai. Maandishi yake yakabaki yanasomeka, na watu niliowabeba walikuwa wakisoma chai njia nzima hata kama nyumbani hawajainywa. Kishikio cha kuteremshia kioo kilikuwa kimevunjika, nikachomeka gunzi la mahindi lililokauka. Likichakaa unachomeka jingine, na kwetu sisi magunzi hayaishi. Nyufa za usukani nilizijaza nta ya nyuki niliyoipika pamoja na masizi ya chungu, nikauzungushia tyubu ya baiskeli niliyoikata vipande virefu, nikakaza, na nakwambia usukani ule ulishikika vizuri kuliko siku ulipotoka kiwandani.

Dari ilinishinda mara ya kwanza. Niliibandika kwa uji mzito wa unga wa mahindi, kama tulivyokuwa tukibandika magazeti ukutani. Ikashika vizuri ajabu, siku tatu. Siku ya nne sisimizi wakapata habari. Mke wangu aliingia garini amevaa nguo yake ya kanisani, akatoka anaruka na kujipigapiga mabega, na Jumapili ile hatukusali. Basi nikanunua kitambaa cha marikani, ndiyo, hicho nilinunua, nikakikaza darini kwa fito nyembamba nilizozipigilia misumari ya viatu. Hapo ikatulia.

Viti sasa. Springi nilizirudisha chini kwa kamba ya katani, nikazifunga kila moja na mwenzake, huku na huku, mpaka zikawa na adabu, juu yake nikatandika gunia. Hapo hapakuwa na kosa. Shida ilikuwa kitu cha kujazia. Kiti cha mbele nilijaza maganda makavu ya mahindi. Kwanza kilikuwa na kelele. Ukigeuka kidogo kinalalamika. Pili, sikuwa nimeyapekua vizuri, punje zilibaki humo, na mvua ya Aprili ilipopenya dirishani kiti kikaota. Mche wa kijani kibichi, katikati ya mapaja ya dereva! Majirani walikuja kuutazama. Mmoja akaniuliza kama nitaupalilia kwa jembe au nitaupigia trekta.

Niliona aibu. Nikaazimia kwamba kiti cha nyuma kisichekwe na mtu.

Mavuno yetu ya kwanza pale yalikuwa mazuri, na tulikuwa tumenunua kitanda cha springi na godoro jipya la dukani. Godoro la zamani lilikuwa limekunjwa kwenye kona ya ghala. Lilikuwa la pamba, la kile kitambaa kigumu cha mistari ya buluu. Mama mkwe wangu ndiye aliyelishona kwa mkono wake, miezi mingi kabla ya harusi yetu. Aliuza njugu zake akanunua kitambaa, pamba akaifuata mpaka soko la Mayoni, akaichambua mwenyewe mbegu baada ya mbegu. Kulileta hakulileta yeye. Kwetu mama mkwe haingii chumba cha mkwewe wala hagusi kitanda chake, kwa hiyo alilikabidhi kwa senje, shangazi yake mke wangu, naye akalibeba kichwani siku ya kumleta bibi arusi.

Mimi nililitazama godoro lile nikaona kiti. Nilikuwa nimekwisha kulipasua upande mmoja kwa kisu mke wangu aliposimama mlangoni mwa ghala.

"Baba Watoto, hilo ni la kitanda."

"Lilikuwa. Sasa ni la gari."

"Na mama akija kupanda?"

"Atajuaje? Nitalivika gunia juu. Kwani mama yako ataingia ndani ya kiti kama panya?"

Hakucheka. "Mtu hamketishi mama mkwe wake juu ya kitanda chake," akasema. "Hata ukikivika gunia, ni kitanda."

Nikamwambia Uhuru umekuja, mambo ya mwiko tuwaachie wazee, tena ni ujinga kutupa pamba nzuri namna ile. Nilipenda sana kusema "Uhuru umekuja" siku hizo. Nililitumia kwa kila neno nisiloweza kulijibu. Angegombana nami labda ningemsikia, lakini alichukua mtungi wake akaenda kuteka maji.

Kiti kilipendeza mno. Nilipanga pamba kwa mkono, nikaiweka nene pale panapokaliwa na nyembamba pembeni, na kile kitambaa cha mistari nikakitandika juu yake ili pamba isitoke. Juu kabisa nikavika gunia nililolifua na kulichemsha na magome ya mti mpaka likawa la rangi ya kahawia. Nikashona kwa sindano ya magunia. Na hapa niseme kosa la ufundi, maana nalo lipo: nilishona kwa uzi mmoja wa katani, tena bila kuupaka nta, kwa sababu nta yote ilikwisha kwenye usukani nami nilikuwa na haraka ya kuonekana na gari Jumapili. Mshono wa kiti unataka uzi wa mara mbili, uliopakwa nta, na fundo kila shubiri. Nilijua hivyo. Nikasema utashika.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa mjane, akiishi Butali, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Yalianza kwa ukungu. Nilipokuwa nikitengeneza gari alikuwa akichagua mawe kwenye njugu kwa vidole, na kuku akipita mlangoni anamfukuza akidhani ni paka. Mke wangu alimbembeleza karibu mwaka mzima aende hospitali. Hakuwa mwoga wa maumivu, alikuwa anaogopa kisu cha machoni, na nani haogopi? Mwishowe tukasikia kwamba daktari wa macho atakuja Kakamega kwa siku chache, kisha ataendelea na safari zake. Mama akakubali. Alichotaka kujua ni jambo moja tu: atapandaje gari moja na mkwewe?

Mimi naye tulikuwa tumeheshimiana miaka yote inavyotakiwa. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Hatupeani mkono, hatuli pamoja. Nikiwa na neno lake linapitia kwa mke wangu, hata kama tumetenganishwa na ukuta mmoja na sote tunasikia kila kitu. Kwa hiyo nikatengeneza pazia. Nilivuta waya kutoka mlango hadi mlango nyuma ya kiti cha dereva, nikatundika shuka, na kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kitazame dari. Nilijisifu wee! Nani mwingine Lugari nzima alikuwa na gari lenye chumba cha mama mkwe?

Juu ya kile kilichokuwamo ndani ya kiti, mke wangu hakuniambia neno tena. Alitandika kanga mbili juu yake, akazikunja vizuri. Niliona, nikajifanya sioni.

Tulimfuata Butali asubuhi, mvua ya jana ingali imelowesha barabara. Nilishuka nikaenda kusimama nyuma ya mkaratusi mpaka apande. Nilimsikia akipapasa mlango, akiuliza hiki ni nini, mke wangu akimjibu kwamba ni sanduku la chai, naye akacheka kidogo. Akaketi. Niliporudi kwenye usukani nikamsikia kupitia pazia akimwambia binti yake, "Mwambie mkwe kiti chake ni kizuri. Hakinichomi."

"Anasema kiti ni kizuri," mke wangu akaniambia, kana kwamba sikusikia.

"Mwambie asante."

Sauti ya mke wangu haikuwa na furaha. Mimi nilikuwa na furaha ya kututosha watu watatu.

Tulipita Malava. Mbele ya hapo barabara inaambaa na msitu, na palipo na kivuli cha msitu matope hayakauki upesi. Gurudumu la nyuma likatumbukia shimoni, likatoka kwa kishindo, na nyuma yangu nikasikia mshono ukifumuka, trrrr, wote, kutoka pembe hadi pembe. Nilijua ni nini kabla hawajasema neno.

"Kiti kimepasuka," mama alisema. "Si kitu, mwanangu. Hebu tukishike hapa."

Kisha nikamsikia mke wangu akisema, "Mama, acha, nitarudisha mwenyewe."

Mama alikuwa anapapasa. Alikuwa amekwisha kuzoea kuona kwa vidole, na vidole hivyo vilikuwa vimepita kanga na gunia vikafika kwenye kitambaa cha mistari. Nilikuwa nimekikata kitambaa kile lakini pindo lake sikulifumua. Pindo la mtu aliyeshona kwa mkono ni kama mwandiko wake.

"Hii ni kazi yangu," akasema.

Mke wangu akavuta kanga kukifunika.

"Mwanangu. Nimeketishwa juu ya nini?"

Mke wangu hakuwahi kumdanganya mama yake. Akamwambia.

"Mwambie asimamishe gari."

Nikasimamisha. Nilidhani atashuka kidogo, tutoe kile kiti, tutandike mifuko au hata nguo sakafuni, twende zetu. Alishuka bila kusaidiwa, akakung'uta nguo yake nyuma kama mtu aliyekaa kwenye majivu, akanyoosha mkono mpaka ukapata bega la binti yake, akaanza kutembea kurudi Butali.

Mke wangu alimsihi. Alimwambia daktari ataondoka. Alimwambia wanaweza kukaa chini, wasiguse kiti kabisa, au wangoje lori lolote.

"Na nikipona," mama akamuuliza, "nitamtazama nani usoni kwa macho hayo? Nirudishe nyumbani."

Hapo nikafanya la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilishuka. Nikawazunguka, nikamkabili mama mkwe wangu ana kwa ana katikati ya barabara, nikamfokea. "Unayatupa macho yako kwa ajili ya pamba!" nilisema. "Pamba tu!" Nikasema na mengine. Nikasema watu kama yeye ndio wanaoturudisha nyuma. Nilimsemesha kama mtu anavyomsemesha aliyemwibia sokoni, na mke wangu amesimama katikati yetu ameziba mdomo kwa mkono. Mama aligeuka akanipa mgongo akasimama hivyo hivyo mpaka nikaishiwa. Kisha wakaenda, wameshikana, polepole kwa sababu ya matope, nami nikabaki na gari langu.

Baada ya juma moja senje akaja Lumakanda. Alikuwa mama mnene, mtani, asiyemwogopa mtu. Aliketi, akapumua, akasema, "Kumbe mimi siku ile nilibeba kiti cha gari kichwani na sikujua!" Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuliporudi. Mimi nikanuna.

Senje akaeleza kwamba jambo lenyewe si kubwa. Nipeleke kondoo mmoja na blanketi Butali, wazee waseme maneno yao, mwiko uondoke. "Ukishafanya hivyo atapanda gari lako hata ukimketisha juu ya boneti." Alikuwa amekwenda kuuliza hospitali pia. Daktari wa macho angerudi kabla ya mavuno. Tulikuwa na wakati, tena wa kutosha.

Nami nikajibu nini? Nikajibu, "Kosa langu ni lipi? Nilikuwa nampeleka hospitali kwa gari langu. Aliyeshuka ni yeye. Basi alete yeye kondoo."

Senje akanitazama. "Mkwe," akasema, "kondoo unao. Nimewaona hapo nje, watano."

"Ni wangu."

"Haya." Akamaliza chai yake, akamwomba mke wangu amsindikize, akaenda zake.

Hasira hasara. Hakuna mtoto wa shule asiyejua msemo huo, nami nilikuwa nikiwaambia wanangu. Lakini nitakwambia jambo ambalo msemo hausemi. Hasira zangu ziliisha siku ile ile jioni. Kilichobaki hakikuwa hasira, kilikuwa kiburi, na kiburi hakina moto wala moshi, kinakaa tu. Nilijua nimekosa. Nilijua tangu pale Malava. Kila juma lililopita kondoo yule alizidi kuwa mgumu kumpeleka, kwa maana sasa ingenibidi nipeleke kondoo na pia nieleze nimekawia kwa nini.

Mke wangu alinikumbusha mara tatu. Ya kwanza tulikuwa tunapalilia, akaniambia, "Baba Watoto, kondoo." Nikasema nimesikia. Ya pili alianza kulia katikati ya maneno, nami nikatoka nje nikaenda kulisafisha trekta la ushirika ambalo halikuwa chafu. Ya tatu hakutaja kondoo kabisa. Alikuwa ametoka Butali, akavua viatu, akasema, "Mama amenitambua kwa sauti leo. Nilipokuwa nimenyamaza alidhani ni jirani." Nikamwambia nitakwenda nikimaliza kuvuna.

Daktari akaja, akakaa siku zake, akaondoka. Siku hizo mimi nilikuwa ghalani nikihesabu magunia matupu ya kuvunia.

Nilimpeleka kondoo mwaka uliofuata, mahindi mapya yakiwa yameanza kuchipua. Nilichagua aliyenona kuliko wote, kana kwamba mafuta yake yangefidia miezi. Blanketi nilinunua zito, jekundu. Walinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililonichoma. Hakuna aliyenisema. Wazee walifanya yao, nyama ikaliwa, nami nikiwa nimeketi uani nilimsikia mama mkwe wangu kutoka ndani ya nyumba, kwa ile sauti yake ndogo: "Mwambieni mkwe tumepokea. Asijisumbue moyo tena."

Juma lile lile alikubali kwenda Kakamega, ambako daktari wa macho alikuwa amekuja tena. Walikwenda kwa basi, yeye na binti yake. Kiti kile nilikuwa nimekwisha kuking'oa na kukichoma moto, na gari lilikuwa na ubao mtupu nyuma. Nilitaka kuwapeleka, lakini mke wangu alisema basi linatosha.

Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akauliza maumivu yalianza lini. Yalikuwa yameanza wakati wa mavuno. Kichwa kilimpasuka siku nyingi, macho yakawa mekundu, akatapika, kisha siku moja yakaacha kuuma na wote pale nyumbani wakamshukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Haikuwa nafuu. Yule mtoto wa jicho alikuwa amekomaa kupita kiasi akaliua jicho kwa ndani, kwanza moja, kisha la pili. Daktari alisema hakuna cha kupasua tena. Alisema wangekuja mwaka uliotangulia lingekuwa jambo la asubuhi moja.

Mke wangu alinieleza hayo jikoni, anasonga obusuma, wala hakuacha kusonga. Alipomaliza kueleza ugali ulikuwa umeiva, akanipakulia, akaniwekea maji ya kunawa. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo na tuligombana kama watu wanavyogombana, juu ya watoto, juu ya ng'ombe, juu ya ndugu zangu. Hakunitupia neno lile hata siku moja. Laiti angenitupia. Ningekuwa na kitu cha kujibu, hata kama ni cha kijinga, na labda ningeweza kumwomba msamaha katikati ya kelele. Katika kimya sikuweza, na amekufa sijamwomba.

Mama mkwe wangu aliishi miaka tisa katika giza. Nilikuwa nikienda Butali mara kwa mara na gunia la mahindi, nikiketi uani, yeye ndani, maneno yakipita kwa wengine kama zamani. Hakuna aliyeniona na kosa lolote. Watu walisema nina bahati ya ukwe.

Mara moja nilikutana naye. Ilikuwa mchana, katika kijia cha kwenda mtoni, chembamba, miwa imesongamana pande zote mbili. Nilikuwa napanda, yeye anateremka peke yake na fimbo yake, kwa kuwa njia ile aliijua kwa miguu. Desturi yataka mimi ndimi nipishe, lakini nikiingia kwenye miwa majani yangepiga kelele, na kurudi nyuma nilikuwa nimechelewa. Nikasimama. Nikashika pumzi kama mwizi. Alifika hatua sita hivi kutoka kwangu naye akasimama, akainua uso.

"Ni nani?"

Sauti yangu aliwahi kuisikia ana kwa ana siku moja tu maishani mwake, ikimfokea barabarani. Nilikuwa na neno la kumwambia, nilikuwa nalo miaka yote ile, na lilinijia mpaka kwenye ulimi. Likakwama hapo.

"Kama ni ng'ombe, toka," akasema, akagonga fimbo chini. Akasikiliza tena. Halafu akasema polepole, "Kama ni mkwe, basi ngoja nikupishe."

Akatafuta ukingo wa njia kwa fimbo, akaupata, akajisukuma ndani ya miwa, majani yanamkwaruza mikono. Akanipa mgongo. Akavuta leso yake ya kichwani akajifunika macho nayo, ili asinione.

Nikapita.